Mwanamke wa Mithali Analala Saa Ngapi? Mwongozo kamili wa kujiunga na kikundi cha kusoma cha akina mama kanisani, kwa tulioko Kusini

Hapa Masasi, kusini mwa Tanzania, ukisikia "mama fulani yuko kwenye kikundi", cha kwanza kinachokujia akilini ni kikoba: hisa, mkopo, faini ya kuchelewa. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipokwenda kwenye kikundi cha kusoma cha akina mama wa kanisani kwetu, nilikwenda na elfu mbili nimezifunga kwenye pindo la kanga, nikijua lazima nitaandikishwa. Hakuna aliyeziulizia. Bibi aliyekuwa amekaa karibu na mlango alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, umekuja na swali gani?" Sikuwa nalo. Nikasema nimekuja kusikiliza. Akacheka: "Kusikiliza tumesikiliza tangu tukiwa wali wa unyago."

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya dada au mama anayetaka kujiunga na kikundi cha namna hiyo, awe Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi mjini au Mikindani, na hajui aanzie wapi. Sikusomea teolojia. Ninachokijua nimekipata kwa kukaa mkekani, na mengine kwa kukosea.

Hatua ya kwanza: tafuta swali lako kabla hujatafuta kikundi

Sisi wa huku hatukuanza kufundishwa uanamke kwenye kitabu. Tulichezwa unyago. Mwali anawekwa ndani, kungwi anasema, mwali anainamisha kichwa na kuitikia. Siyadharau mafundisho yale. Namna ya kuutunza mwili wangu, namna ya kukaa msibani, namna ya kusema na mkwe, yote niliyapata kule, na hakuna shule iliyonipa. Lakini mwali haulizi. Ukiuliza unaonekana umekosa adabu, na anayeonekana hakukufunza vizuri ni mama yako.

Kikundi cha kusoma ni kinyume chake. Kule niliambiwa, huku nauliza. Ukikosa swali utakaa miezi mitatu ukitikisa kichwa na kusema amina, kisha utaacha kuja na utawaambia watu kikundi kinachosha.

Basi chukua daftari la shule, hata lile la mtoto lililobaki kurasa nusu, uandike swali moja. Liwe lako, usiliazime kwenye mahubiri. Ninayoyakumbuka kutoka kwa wenzangu: Mbona tangu nina miaka kumi na tisa naitwa mama fulani, na jina langu mtaani halijulikani? Aliyekosa mtoto si mwanamke? Mume akifa, mikorosho tuliyopanda wote ni ya nani? Kwa nini nikipumzika najiona mwenye dhambi? Hilo la mwisho liliandikwa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayejua kupanga ratiba ya shule nzima.

Usitafute jibu bado. Funga daftari.

Hatua ya pili: kipo wapi, na unamwona nani kwanza

Vikundi hivi mara nyingi havina bango wala jina. Vinaishi ndani ya umoja wa wanawake wa kanisa. Ukiwa Mkatoliki, utakipata kupitia WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972, au kwenye jumuiya yako ndogo ndogo. Kwa wenzetu wa TAG (Tanzania Assemblies of God) ni idara ya WWK, yaani Wanawake Watumishi wa Kristo. Sisi Waanglikana tuna umoja wa akina mama wenye mizizi kwa Mary Sumner, mke wa mchungaji huko Uingereza, aliyeuanzisha mwaka 1876. Mwaka huohuo Edward Steere, askofu mmisionari wa Kianglikana, alifika hapa Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Unguja. Walikuwa na nia ya kwenda mbele, kuelekea nchi za Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika chini ya majabali haya wakaona pamewatosha. Huwa napenda kuwakumbuka wanawake waliokuwa kwenye msafara ule wakisikia kwa mara ya kwanza kwamba leo hatuendi tena, tunajenga hapa.

Utaratibu wa kuulizia una adabu yake. Usimwendee kasisi au padre kwanza, hata kama mnafahamiana. Nenda kwa mwenyekiti wa akina mama. Ukimruka atasikia kabla hujafika nyumbani, na utaanza ukiwa na deni. Msubiri baada ya ibada, muamkie, useme kwa ufupi: "Mama, nasikia kuna akina mama wanaosoma pamoja, nami naomba nije." Kama ni mzee, shikamoo inatangulia yote, hata kama ndiyo kwanza mmetoka kupeana amani ibadani. Na kama unakwenda kwenye kanisa lisilo lako, jua salamu yao. Ukiambiwa "Tumsifu Yesu Kristo" ukajibu "Amina" tu, watajua mgeni ni nani. Wakatoliki huitikia "Milele, amina". Hawatakufukuza, lakini ukiitikia vizuri unakuwa umeshaingia nusu.

Kama kanisani kwenu hakipo, anzeni watatu. Msichague mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Nimeona vikundi viwili vikifa kwenye uchaguzi kabla havijafungua ukurasa.

Hatua ya tatu: nyumbani

Sema mapema, tena sema ukweli: siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwa nani. Mume anayeambiwa "nakwenda kanisani mara moja" halafu akakungoja kwa muda wa saa tatu atakuwa na sababu ya kununa wiki ijayo. Cha msingi zaidi ni jiko. Kama kila Jumamosi unatoka ukiwa umepika, umeosha na umechota maji ya siku mbili ili usilaumiwe, utafika umechoka, utasinzia, na swali lako litabaki kwenye daftari. Mwachie mtu kazi moja. Moja tu. Watoto wa kiume wanajua kupika ugali, wasikudanganye.

Hatua ya nne: kitabu

Vikundi vingi huanza na Biblia, na ni busara kwa sababu kila nyumba inayo. Ila kumbuka kuna tafsiri zaidi ya moja. Ile ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekulia nayo ina Kiswahili kizito kitamu, na ina maneno ambayo vijana hawayatumii tena: wajakazi, marijani, malangoni. Biblia ya Habari Njema inasema mambo kwa Kiswahili chepesi. Kikundi kizuri kinakuwa na zote mbili mkekani. Pale zinapotofautiana ndipo maongezi yanapoanza. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu ambavyo wengine hawana, kama Tobiti na Yudithi, na sura ya 13 ya Danieli yenye habari za Susana. Mkiwa mchanganyiko, msigombane kuhusu nani kapunguza na nani kaongeza. Aliye nayo asome kwa sauti, wengine wasikilize.

Vitabu vingine vya dini si vigumu kupatikana kwetu. Wabenediktini wa Ndanda wana kiwanda chao cha uchapaji, Ndanda Mission Press, kwenye barabara ya kutoka Masasi kwenda Mtwara, na vitabu vya Kiswahili vilivyotoka pale utavikuta kwenye maduka ya parokia. Simu nayo inatosha. Wasichana wetu husoma kwenye simu, na mwanzoni bibi zetu walidhani wanachati ibadani. Mmoja alionyeshwa maandishi yakikuzwa kwa vidole viwili. Tangu siku hiyo hataki tena miwani.

Usiyejua kusoma au usiyesoma vizuri, hatua hii isikuzuie. Kwetu msomaji husoma kila kifungu mara mbili, polepole, kisha mtu yeyote anaweza kusema "rudia". Aliye na kumbukumbu kali kuliko wote katika kikundi chetu ni bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani. Ukikosea neno moja katika usomaji wa pili anakushika: "Mwanzo hukusema hivyo."

Hatua ya tano: soma kabla ya kuja

Sura moja kwa wiki inatosha. Anza na Ruthu. Ina sura nne, kwa hiyo mwezi mmoja mmemaliza kitabu kizima, na kumaliza kitabu kunampa mtu nguvu ya kuanza kingine. Chukua kalamu ya risasi. Pale unapokubali weka nukta. Pale usipoelewa weka alama ya kuuliza. Pale panapokuudhi weka mstari pembeni, na usiruke mahali hapo kwa kuogopa kwamba ni dhambi kuudhiwa na Maandiko. Naomi mwenyewe aliudhika, akasema mbele ya mji mzima kwamba Mungu amemtenda machungu.

Muda wa kusoma ni wa kuiba. Mimi nasoma nikingoja maharage yaive.

Hatua ya sita: siku ya kwanza, na jina lako

Vaa unavyovaa kanisani siku isiyo sikukuu. Wenye sare ya kitenge watakuwa na sare. Wewe usiishonee haraka. Nenda na kitu cha kutafuna kama msimu unaruhusu. Sisi tunapenda ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa kwa chumvi na pilipili, kwa sababu kuimenya kunachukua muda, na mtu anayemenya kitu mikononi huongea mambo ambayo asingeyasema akiwa ametulia.

Halafu utaombwa ujitambulishe. Hapa simama kidogo.

Kuna mama mmoja alikuja kwetu mwaka ule tuliposoma Ruthu. Akasema, "Naitwa Mama Juma." Mwongozaji wa siku hiyo akamuuliza, kwa upole tu, "Na wewe mwenyewe?" Yule mama akafungua mdomo, akafunga. Akatazama mkeka. Akaanza kung'oa ukindu mmoja uliokuwa umechomoka, akauzungusha kidoleni, tukadhani amechukia. Kisha akalitaja jina lake la ubatizo, taratibu, kama mtu anayesoma jina la mtu mwingine kwenye orodha. Akasema marehemu mama yake ndiye wa mwisho kumwita hivyo.

Wiki ile tulikuwa tumefika Ruthu 1:20, pale Naomi anapowaambia wanawake wa Bethlehemu wasimwite Naomi, jina lenye maana ya kupendeza, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Hatukwenda mbali zaidi ya mstari huo siku nzima. Tulizungumza majina: nani alitupa, nani aliyafuta, mtu anaitwaje akifiwa na huyo mtoto ambaye jina la "mama fulani" limetokana naye. Hilo la mwisho hakuna aliyelijibu.

Sisemi kuitwa mama fulani ni kubaya. Ni heshima, na mimi mwenyewe jirani akiniita kwa jina langu tupu barabarani nitashtuka. Ila mkekani jitambulishe kwa jina lako, na la mtoto lifuate ukitaka. Na kama huna mtoto, utaona kwa nini jambo hili linawasaidia hata wengine. Kikundi kinachoita kila mtu mama fulani kinamwacha nje asiye na fulani, mjane asiyezaa, binti aliyemaliza chuo na hajaolewa. Hawa wanakaa pembeni kabisa ya mkeka, utawaona. Mkisoma habari za Hana katika Samweli wa Kwanza, wasikilizeni wao kwanza kabla ya wenye watoto sita kutoa ushauri.

Hatua ya saba: mdomo

Kuna namna tatu za kuharibu maongezi, nami nimezifanya zote.

Ya kwanza ni kuhubiri. Mtu ameuliza swali, wewe unamjibu kwa mistari mitano mfululizo na sauti imepanda. Swali linakufa pale pale. Jizoeze kuanza na "kwangu mimi", au "nilipofika hapa nilijiuliza".

Ya pili ni kumsemea mwenzako: "Tunajua wewe nyumbani kwako kuna shida." Hata kama mnajua, mwache aseme mwenyewe au asiseme.

Ya tatu ni kutoa maneno nje, na hii inaniuma hadi leo. Mwenzetu alisema jambo la ndoa yake, dogo tu, la kuchekesha kidogo. Jumatano nikiwa kwenye kikoba nikalitaja kama mfano, bila jina. Kwenye mji wetu bila jina ni sawa na kwa jina. Ijumaa lilikuwa limemfikia. Hakuja miezi miwili. Nilikwenda kwake nikapiga magoti, akanikaribisha chai, akasema yamekwisha. Lakini kusema mambo yake mkekani hakurudia, ila baada ya mwaka.

Ajabu ni kwamba sisi wanawake wa Kusini ndio tunaojua kutunza siri kuliko watu wengi. Ya unyagoni hatuyatoi, hata kwa waume zetu. Tunashindwaje na ya mkekani? Bibi yule wa mlangoni aliweka kanuni, na ndiyo tunayoitumia: mwanzo wa kila kikao anauliza, "Tuko ndani?" tunaitikia, "Tuko ndani." Kila aliyechezwa anajua amejifunga nini.

Hatua ya nane: unyago wenyewe

Utafika mkekani siku moja, huna budi. Kuna atakayesema yote ni ya shetani, na kuna atakayesema kanisa lisituguse. Kabla hamjagawanyika, elezaneni historia kidogo. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuona sababu ya kulifuta jando. Alilitafutia sura ya Kikristo, kwa imani kwamba mila njema inaweza kubatizwa kama mtu. Kwa hiyo mjadala huu si mgeni kanisani kwetu. Bibi zetu waliukuta.

Namna tuliyoona inafaa ni kuchukua somo moja moja badala ya kuhukumu kitu kizima. Kuna yaliyonijenga, kama kujua mwili wangu bila aibu, na kuwa na mtu mzima mwingine zaidi ya mama ninayeweza kumkimbilia. Kuna nisiyotaka mwanangu ayapate, la kwanza likiwa kuambiwa kwamba umeshakuwa mkubwa na bado uko darasa la tano. Hapa tulikumbuka kesi ya Rebeca Gyumi, ambayo Mahakama Kuu iliiamua mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha mwaka 2019: vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba. Akina mama wawili waliondoka siku hiyo wamekasirika, kila mmoja kwa sababu yake. Walirudi.

Na siri za unyagoni msizimwage ili kunogesha maongezi. Unaweza kusema lilikufanya nini bila kusema lilifanywaje.

Hatua ya tisa: mnapofika Mithali 31

Mtafika tu. Ndiyo sura inayosomwa kila harusi, kila sikukuu ya akina mama, na kila mazishi ya mwanamke aliyefanya kazi sana. Isomeni polepole, kama vile hamjawahi kuisikia.

Sisi tulisoma mstari wa 15, anaamka usiku haujaisha. Tukasoma wa 18, taa yake haizimiki usiku. Bibi akasema rudia. Ikarudiwa. Akauliza, "Sasa huyu mwanamke analala saa ngapi?"

Tulicheka mpaka kasisi akachungulia. Kisha kicheko kikaisha, kila mmoja akatazama mikono yake. Ilikuwa Novemba. Jirani yangu alikuwa ameishika Biblia kwa mkono wa kushoto tu, kwa sababu vidole vya kulia vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Alikuwa amebangua tangu alfajiri. Akasema sura hii imekuwa ikimfanya ajione mvivu miaka yote.

Kwa hiyo tukaisoma upya, na haya ndiyo tuliyoyaona, uyatumie na kikundi chako.

Mstari wa 15 huohuo unataja wajakazi wake. Ana wasaidizi! Hakuna mhubiri aliyewahi kutuambia hilo kwa sauti kubwa.

Mstari wa 16 anatazama shamba na kulinunua, kwa mapato yake anapanda mizabibu. Huyu ana shamba kwa jina lake. Nitarudi hapa.

Mstari wa 23 mumewe anajulikana malangoni, amekaa na wazee. "Kijiweni," akasema mtu, tukacheka tena. Lakini mtu mwingine akatukumbusha kuwa malangoni ndipo mashauri yalipoamuliwa na kesi kusikilizwa, na kwamba mstari wa 31 unataka matendo ya huyu mwanamke nayo yasifiwe hukohuko malangoni, si jikoni.

Kisha umbo lake. Kuanzia mstari wa 10 hadi wa 31 ni mistari 22, na katika Kiebrania kila mmoja unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti yao, tangu alefu hadi tau. Ni utenzi wa kukariri. Mshairi amekusanya sifa za kujaza alfabeti nzima. Hakuandika ratiba ya Jumatatu. Ukiichukua kama ratiba itakuua.

La mwisho ndilo lililonibadilisha mimi. Rudini mstari wa 1. Maneno ya sura hii yanatajwa kuwa ya mfalme Lemueli, aliyofundishwa na mama yake. Ni mama anamfunda mwanawe wa kiume. Wakati mimi nilikuwa nimesikia sura nzima kama kungwi anayeniambia mimi, kumbe aliyeketishwa chini akaambiwa sikiliza ni kijana wa kiume. Niliporudi nyumbani nilimsomea mwanangu. Alikuwa anatazama mpira. Nikamsomea hivyohivyo.

Kuhusu marijani ya mstari wa 10, dada mmoja aliyetoka Mikindani alitufafanulia: si yale matumbawe yaliyojengea nyumba za zamani za kwao, ni ile nyekundu ya kuvaliwa shingoni. Matumbawe ya kujengea au pambo la shingoni, mwanamke ni lipi kati ya hayo? Waachieni wenye maneno mengi swali hilo, mtapata kikao kizima.

Hatua ya kumi: lile shamba

Msiishie kwenye kutafakari tu pale kitabu kinapogusa kitu unachoweza kukishika. Someni Hesabu 27: mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wanadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Mungu anamwambia Musa wamesema haki. Kisha someni Hesabu 36, ambako wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao, muone kwamba haki ikishatolewa huwa kuna anayekuja kuipunguza.

Huku kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo kijadi ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Hilo lina nguvu yake. Lakini mikorosho imeleta mambo yake, maana mti unaishi kuliko ndoa, na fedha za mnada zikitoka kila mtu anakumbuka ukoo. Siku hiyo tulimwalika mtendaji wa kijiji, tukamsomea sura zetu, naye akatusomea zake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tukamuuliza la kwetu lina wangapi. Akasema atakwenda kuangalia.

Hatua ya kumi na moja: likija zito kuliko kikundi

Kuna siku mtu atasoma mstari na kuanza kulia, na si kwa sababu ya mstari. Kipigo, mtoto aliyeharibiwa na ndugu, mawazo ya kujidhuru. Fungeni kitabu. Msimwombee haraka haraka ili anyamaze. Msimwambie avumilie. Mmoja abaki naye, wengine waende zao. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mambo ya mtoto namba 116 inapigwa bure. Msindikizeni, msimpe maelekezo tu. Kikundi si mahakama, na mume wa mtu asijadiliwe mkekani akiwa hayupo.

Hatua ya kumi na mbili: kuendelea

Kikundi huku kinafuata shamba. Korosho zikianza kudondoka Oktoba msijidanganye kukutana kila wiki; kutaneni mara moja kwa mwezi, someni zaburi moja, mrudi kuokota. Msimu wa kupuliza salfa wengine watakosa. Desemba shule zimefungwa na ngoma zimeanza, nusu ya kikundi wana wali nyumbani. Msiwaandike watoro.

Baada ya Ruthu na Mithali tulisoma Esta, sura kumi ambazo katika Biblia za Kiprotestanti hazimtaji Mungu hata mara moja, na hilo peke yake lilitupa wiki mbili za maneno. Kisha tukatoka nje ya Biblia kidogo. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni usia wa mama mgonjwa wa Pate kwa binti yake Mwana Hashima, nao unakaa vizuri sana pembeni ya Mithali 31: mama mmoja anafunda mwana, mwingine anafunda binti, na wala hawakubaliani kila kitu. Kiswahili chake ni cha kaskazini na cha zamani, kwa hiyo tulimwomba jirani yetu Mwislamu, ustadhi wa kike anayefundisha madrasa, atusaidie. Alikuja vikao vitatu. Cha nne alikuja bila kuitwa, ana daftari.

Wanaotaka riwaya wasome Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, lakini wakubaliane kwanza, kwa sababu ina mambo mazito na kuna watakaosema si ya kanisani. Kwetu kura ziligongana. Tunaisoma mwezi ujao.

Ukija kwetu Jumamosi saa kumi ukakuta mlango wa ukumbi umefungwa, usirudi. Zunguka nyuma upande wa mwembe. Joto likizidi tunatandika mkeka huko. Njoo na kalamu ya risasi, maana zetu wajukuu wamezichukua.